Somo Letu: Mwenzetu Akiambiwa Ana Saratani, Tufanyeje?

Ndugu Wanachama,

Kurasa hizi aghalabu huzungumza khabari za mashamba, kama miche, palizi, uchumaji na uanikaji. Mara hii twaomba ruhusa yenu tuyaache majamvi kidogo, tuzungumze khabari ya maradhi yaliyokwisha kuingia katika nyumba za wanachama wetu, nayo ni saratani. Hatuandiki kama madaktari, maana sisi si madaktari. Twaandika kama watu waliofuatana na mgonjwa, wakakosea, kisha wakajifunza.

Mwanachama mmoja wa tawi letu ana mke ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyesimamia kazi ya kuchambua karafuu uani kwao. Msimu mmoja bibi huyu alianza kutokwa na damu, naye alikwisha kukoma hedhi zamani. Alinyamaza. Alisema moyoni, msimu ukisha nitakwenda spitali. Msimu ulipokwisha akanywa miti shamba. Miti ilipokwisha kunyweka bila ya faida, ndipo akaenda, akakatwa kinyama kidogo kwa ajili ya kipimo, na jawabu ikaja kuwa ni saratani ya mlango wa kizazi.

Jawabu hiyo aliambiwa mume peke yake. Alikuja ofisini kwetu akatusihi, "Bwana Katibu, neno hili lisimfikie mke wangu. Akilisikia atakufa kwa hofu kabla ya maradhi." Nasi tukakubali. Tulimwambia bibi kwamba anavuka kwenda Dar es Salaam kutibiwa kiuvimbe kidogo tu. Basi baada ya siku 9 za kupigwa mionzi, mwili ulimchoka na tumbo likaanza kumwendesha, akaona kwamba kiuvimbe kidogo hakistahili taabu yote ile. Akapanda boti akarudi kwake.

Ni mkunga wa kijiji chetu aliyetutoa kizani. Alikaa na bibi ukumbini, mume akiwapo, akamwuliza, "Bibi, wataka kujua nini khabari ya maradhi yako?" Bibi akasema ataka kujua yote. Akaambiwa yote. Alinyamaza kitambo, akalia, kisha akatutazama sisi na mumewe akasema, "Mngeliniambia tangu mwanzo, nisingelirudi." Wiki ile ile alivuka tena. Madaktari walimpanga upya akamaliza matibabu. Leo yu hai, huchambua karafuu amekaa kitini, na tarehe yake ya kuangaliwa ikifika huenda. Kesho iko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini zile siku alizozipoteza hatuwezi kumrudishia, na lawama yake haiko kwake, iko kwetu.

Kwa sababu hiyo tumeandika somo hili.

KWANZA: NI MARADHI GANI HAYA?

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Kila chembe hukua kwa kipimo, hujigawa kwa kipimo, na hufa wakati wake. Saratani ni pale baadhi ya chembe zinapoasi kipimo hicho, zikazidi kujigawa bila ya kusita, zikaingia katika nyama iliyo jirani, na mwisho zikasafiri kwa damu na kuota pahala pengine. Mkulima wa mikarafuu hahitaji maelezo marefu hapa. Tawi likianza kukauka nchani, mwenye shamba hodari hulikata mapema kabla ukavu haujateremka shinani. Aliyengoja msimu wa pili hukuta mti mzima umekwenda. Saratani nayo ina madaraja 4. Ile iliyokutwa katika daraja la kwanza mara nyingi hutibika ikapona, na iliyokutwa katika daraja la nne kwa kawaida ni shida kuiondoa, ingawa mgonjwa bado aweza kusaidiwa sana.

Saratani haiambukizi kwa kula sahani moja wala kwa kulala chumba kimoja na mgonjwa. Yule anayemtengea mgonjwa kikombe chake humwongezea ugonjwa wa pili, nao ni upweke.

Ile ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi katika Tanzania, asili yake ni kirusi kiitwacho HPV. Kirusi hiki hupita baina ya mume na mke, ni cha kawaida mno, na watu wengi hupona bila ya kujua kama walikuwa nacho. Kikikaa mwilini bila ya kutoka, aghalabu huchukua miaka 15 hata 20 kugeuka saratani. Kwa hiyo asitokee mtu kumshuku mgonjwa au mumewe, maana hapana awezaye kusema kiliingia lini. Tangu mwaka 2018 wasichana wamekuwa wakichanjwa nchini kwa ajili ya kirusi hiki. Mzazi asimfiche bintiye siku ya chanjo. Na kwa wanawake watu wazima kuna kipimo chepesi cha kupakwa siki mlangoni mwa kizazi. Pahala penye kasoro hugeuka peupe, na paweza kutibiwa kabla ya kuwa saratani.

PILI: DALILI ZISIZONGOJA MSIMU

Si kila dalili ni saratani. Lakini hizi zifuatazo zisingoje karafuu zikauke:

1. Damu kutoka baada ya hedhi kukoma, au baada ya mume na mke kukutana.
2. Uvimbe katika ziwa, au chuchu kuingia ndani, au ngozi ya ziwa kubadilika.
3. Kidonda kinywani kisichopona kwa zaidi ya wiki 2, khasa kwa anayevuta au kutafuna tumbaku.
4. Chakula kukwama katika kumeza, na kuzidi siku hata siku.
5. Kwa wazee wa kiume, mkojo kutoka kwa taabu au kwa damu.
6. Kukonda bila ya sababu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wanawake wetu wengi huficha kwa haya, na wanaume kwa kiburi, na kaburi halimwulizi mtu alificha kwa sababu gani.

TATU: MGONJWA AAMBIWE

Maradhi ni yake, na mwili ni wake. Mgonjwa asiyejua hawezi kuvumilia, maana hajui avumilia kitu gani. Wala hawezi kuusia, kulipa deni, kugawa shamba lake kwa wanawe, au kuomba radhi kwa aliyemkosea. Tukimnyima khabari tunamnyima na hayo yote.

Lakini kuambiwa kuna adabu yake. Aulizwe kwanza ataka kujua kiasi gani. Aambiwe pahala pa faragha, akiwapo mtu ampendaye, kwa maneno mepesi. Asiambiwe "huna kitu" kama anacho, wala asiambiwe "umekwisha" kama tiba ipo. Akilia aachwe alie. Siku za mwanzo watu wengi hawasikii wala hawalali, na wengine hukasirika au hukanusha. Hayo ni ya kawaida, na mgonjwa asikaripiwe kwamba imani yake ni ndogo. Dini yetu haikumkataza mtu kuhuzunika, wala haikumkataza kutafuta dawa. Imemtaka afanye yote mawili, ajitahidi na amtegemee Mola wake.

NNE: MAMBO YA KUULIZA SPITALI

Aliyepewa khabari nzito husahau nusu ya aliyoambiwa. Kwa hiyo asiende peke yake. Afuatane na mtu ajuaye kuandika, na waulize haya:

1. Saratani hii ni ya wapi, na je, kipimo cha kinyama kimethibitisha?
2. Imefika daraja gani?
3. Matibabu ni kukatwa, mionzi, dawa, au yote pamoja? Na je, ni ya kuponya au ya kupunguza taabu?
4. Yatachukua wiki ngapi, na gharama yake ni nini? Je, kuna msamaha au bima?
5. Dalili gani zikitokea nirudi upesi?

Karatasi zote, yaani barua ya rufaa, majibu ya vipimo na picha, zitiwe katika mfuko mmoja wa plastiki usioingia maji, na mfuko huo uchukuliwe mkononi botini, usitupwe pamoja na mizigo. Tumemwona mgonjwa akirudishwa nyuma wiki nzima kwa karatasi moja iliyosahauliwa juu ya kabati.

TANO: KUVUKA NA KUTIBIWA

Kwa miaka mingi wagonjwa wa visiwani wamekuwa wakipelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Jumba lake la zamani, karibu na bahari, lilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 kuwa spitali, na mwaka 1996 taasisi ikawekwa kwa sheria ya Bunge kushughulikia saratani peke yake. Pita kwanza spitali ya wilaya, upate barua ya rufaa. Usiende kwa kubahatisha.

Mionzi haiumi wakati wa kupigwa, ni kama kupigwa picha. Kwa saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida hupigwa siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 5 hivi, na baadaye mionzi ya ndani. Pamoja nayo mara nyingi hutiwa dawa ya mshipa mara moja kwa wiki. Uchovu, tumbo kuendesha na kichefuchefu huja, na yote hayo yana dawa. Mgonjwa aseme, asijitoe. Madaktari hutaka matibabu yote haya yamalizike ndani ya wiki 8, kwa sababu chembe za saratani zikipewa nafasi ya kupumzika huanza kuota tena. Kama angeliambiwa haya, yule bibi wetu asingelikata safari yake katikati.

Kuhusu miti shamba, hatumdharau mtu. Lakini mgonjwa amwambie daktari kila anachokunywa, maana baadhi ya miti hugombana na dawa za spitali. Na mganga yeyote anayesema "acha spitali, njoo kwangu" na kutaka fedha mbele, huyo aogopwe. Twawajua waliouza karafuu zikali mtini kwa bei ya kutupa ili kumlipa mtu wa namna hiyo. Fedha ziliondoka, na wakati wa kutibika nao ukaondoka.

SITA: MAUMIVU SI LAZIMA

Hata pale saratani isipoweza kuondoka, maumivu yaweza kupunguzwa sana. Iko dawa ya maji ya kunywa iitwayo mofini, ambayo hutolewa na daktari kwa kipimo na kwa saa maalumu, wala hainywewi ovyo. Watu huiogopa wakidhani mgonjwa atalevuka au itaharakisha kifo. Ikitumiwa kama alivyoagiza daktari, hayo siyo kazi yake. Kazi yake ni kumwezesha mtu kulala, kuzungumza na wanawe na kusali kwa utulivu. Hufunga choo, kwa hiyo aombe na dawa ya kulainisha. Kumwuguza hivyo mtu ambaye hatapona nako ni kutibu. Mwaka 1967 daktari Cicely Saunders alifungua nyumba ya St Christopher's kule London kwa kazi hiyo, na mwaka 1993 Anne Merriman akaanzisha kazi kama hiyo Uganda kwa kutumia mofini ya maji. Basi asiwepo wa kumwambia mgonjwa wetu, "hakuna la kufanya."

SABA: KAZI YETU WANACHAMA

Saratani huvunja nyumba mara mbili, mara moja kwa ugonjwa na mara ya pili kwa mfuko. Mgonjwa akiwa Dar es Salaam wiki nane, nauli, chakula na malazi vyamtazama yeye na anayemwuguza. Na karafuu hazimngojei mtu. Zisipochumwa wakati wake hufunguka maua na thamani huanguka. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi twaomba tuuonje uzito wake.

Kwa hiyo tunaleta mbele ya mkutano mkuu ujao mambo matatu, myafikiri kabla ya kuja:

(a) Kila mwanachama atoe pishi moja ya karafuu kavu kwa msimu, iwekwe katika mfuko wa wagonjwa, na hesabu yake isomwe hadharani.

(b) Mwanachama au mkewe akivuka kwa matibabu, tawi lake limchumie karafuu zake kwa ujima, zichambuliwe, zianikwe, na fedha zake zimfikie zote.

(c) Wachaguliwe watu watatu, wawili wao wanawake, wa kufuatana na wagonjwa spitali. Watu hao wawe wajuao kusoma, na wajuao kufunga midomo.

Yule bibi tulimwomba idhini kabla ya kuandika khabari zake bila ya kumtaja jina. Alisema, "Andikeni. Lakini waambieni na wanaume, msituamulie kimya kimya." Tumewaambia.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na sisi atupe moyo wa kusema kweli kwa upole.

Wenu,
Katibu wa Chama