Programu za bure za kuchora na kurekodi masomo

Swali: Ni programu gani za bure zinazofaa kuchora na kutengeneza video za mafunzo?

Jibu: Kwa kuchora, Krita inatosha. Hupakuliwa bure kwenye tovuti yake. Ileile huuzwa katika duka la Microsoft, na malipo hayo husaidia watengenezaji tu. Nembo zifanywe kwa Inkscape.

Kurekodi kioo cha kompyuta pamoja na sauti ni kazi ya OBS Studio. Faili ihifadhiwe kwa MKV: umeme ukikatika katikati ya somo, kilichokwisha kurekodiwa hubaki, ilhali MP4 ya kawaida huharibika yote. Baadaye OBS yenyewe yaweza kuigeuza kuwa MP4. Kukata na kuunga vipande, Shotcut yafaa. DaVinci Resolve ya bure ina uwezo zaidi, ila huelemea kompyuta dhaifu.