Somo la Nyumbani: Kibaba na Gunia

Katika somo hili twataka kusema habari za jikoni. Labda wengine watashangaa, wakisema, "Hayo ni mambo ya wanawake, ya nini kuyaandika?" Lakini kila azungukaye katika nyumba za mji wa Dar es Salaam ajua ya kuwa ugomvi mwingi wa nyumbani huanzia penye fedha ya chakula. Mshahara hufika, na kabla ya tarehe 20 umekwisha. Baba humlaumu mama, mama humlaumu baba, nao watoto hulala wamekunywa uji mtupu. Basi neno letu ni hili: mara nyingi fedha haipotei katika chakula kinacholiwa, bali katika kipimo kinachonunuliwa. Anayetaka kupunguza matumizi, na aanze penye kipimo, asianze penye sahani ya mtoto.

1. Soko letu

Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ambao kambi yao ilikuwapo mahali hapo baada ya mji kutwaliwa katika mwaka 1916. Jengo kubwa la soko lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Mwezi wa Julai 2021 moto uliliunguza, hata wafanya biashara wakatawanyika katika masoko mengine. Twayataja haya ili mfahamu ya kuwa soko la Kariakoo si jengo tu. Ni mitaa mizima, na bidhaa ile ile yaweza kuwa na bei mbili katika mtaa mmoja. Tena Kariakoo si peke yake. Nafaka huuzwa kwa wingi Tandale, mboga na matunda Ilala na Mabibo, na samaki hunadiwa asubuhi Feri. Mwenye kujua mahali pa kila kitu amekwisha kuokoa fedha kabla ya kufungua mfuko wake.

2. Anunuaye kidogo hulipa zaidi

Wazee wetu walisema, haba na haba hujaza kibaba. Neno hili ni kweli, lakini lina upande wa pili: haba na haba humaliza mshahara. Tufanye hesabu. Bei hubadilika, kwa hiyo hesabu hii ni mfano tu. Kila mmoja na aweke bei za mtaa wake.

Tuseme nyumba ina watu 6, nao hula kilo moja na nusu ya unga kila siku. Kwa siku 30 ni kilo 45. Ikiwa unga wa duka la jirani wazidi ule wa bei ya jumla kwa shilingi 200 kila kilo, basi kwa mwezi mmoja zimepotea shilingi 9,000, na kwa mwaka shilingi 108,000. Tena tuseme mama hununua mafuta ya kupikia kila siku kwa kipimo kidogo, cha sehemu ya nane ya lita, kwa shilingi 800. Kwa mwezi atalipa shilingi 24,000. Kama lita ingempatia shilingi 5,200 kwa kununua dumu, mafuta yale yale yangalimgharimu shilingi 19,500. Hakula zaidi, wala hakupika vizuri zaidi, lakini shilingi 4,500 zimekwenda. Nazo fedha hizo zingetosha kununua kalamu na madaftari.

Kadhalika kuna hasara ya kununua kwa fungu na kwa kopo. Fungu la nyanya halina uzito unaojulikana. Leo ni nyanya 5, kesho ni 4, na bei haikubadilika. Kopo nalo laweza kubonyezwa kitako. Kwa hiyo yafaa kuuliza bei ya kilo, na kutazama kama mizani ina alama ya kukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Kuuliza si ugomvi. Muuzaji mwaminifu haoni haya kupimiwa mbele ya watu.

3. Nyumba moja, gunia moja

Hapa mtu atajibu, "Maneno hayo ni mema kwa tajiri. Mimi napata riziki ya siku kwa siku, nami nakaa chumba kimoja. Nitapata wapi fedha ya gunia, na nitaliweka wapi?" Jibu hili ni la haki, wala hatulidharau. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba nyingi za Kariakoo, Gerezani na Ilala zina vyumba 6 au zaidi, na kila chumba kina watu wake. Wapangaji 6 wakichanga, gunia moja la mahindi la kilo 100 litampa kila mmoja kilo 16 na zaidi kidogo. Kwa watu 6 hicho ni chakula cha siku 10 hivi, nacho chaingia katika ndoo moja yenye kifuniko, ambamo panya hawafiki. Mwenye kupata ujira wa kila siku na aweke akiba yake ndogo kila jioni kwa mtunza fedha, mpaka siku ya kununua ifike.

Shirika la namna hii huvunjika upesi likikosa uaminifu. Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, mtu mmoja atunze fedha na mwingine aandike. Asiwe mtu mmoja kwa kazi zote mbili. Pili, waende sokoni wawili. Tatu, mahindi yagawanywe kwa mizani, mbele ya wote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Chakula cha bei nafuu chenye nguvu

Wengi hudhani chakula kizuri ni kile cheupe na cha bei kubwa. Sivyo. Sembe ni nyeupe kwa sababu ganda na kiini vimeondolewa, na pamoja navyo sehemu kubwa ya vitu vijengavyo mwili. Dona huvibakiza. Lakini dona huharibika upesi kwa ajili ya mafuta ya kiini. Basi sageni kidogo kidogo, ya wiki moja au mbili. Tena chagueni mahindi na karanga kabla ya kusaga, mkatupe punje zote zenye ukungu. Sumukuvu haitoki kwa kuoshwa wala kwa kupikwa. Katika mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa ajili yake, na wengine wakafa.

Kitoweo nacho si lazima kiwe nyama. Maharage, kunde na choroko hujenga mwili, na vikiliwa pamoja na ugali hukamilishana. Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria na wa Tanganyika wana nguvu nyingi kwa uzito wao, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa, huimarisha mifupa ya watoto. Lakini angalieni: dagaa walioanikwa mchangani huwa rahisi, nawe hununua mchanga kwa bei ya samaki. Afadhali wale walioanikwa juu ya vichanja. Mchicha, matembele na majani ya maboga hupatikana kwa bei ndogo. Yaosheni sana, maana mabonde mengine ya mjini hupitisha maji machafu. Matunda nayo yanunuliwe kwa majira yake, kama maembe mwisho wa mwaka. Chungwa moja baada ya maharage lausaidia mwili kupokea madini ya chuma, bali chai pamoja na chakula huyazuia.

5. Moto nao ni fedha

Mkaa huhesabiwa katika gharama ya chakula. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi, na maji ya kulowekea humwagwa. Tena sufuria iliyokwisha kuchemka yaweza kuwekwa ndani ya kapu lililojazwa matambara na kufunikwa vema. Wali humalizikia humo bila moto.

6. Yasiyopunguzwa

Kuna vitu ambavyo hatuna ruhusa kuvipunguza. Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, na mama anyonyeshaye ale vizuri. Mtoto mdogo ana tumbo dogo, kwa hiyo ale mara nyingi, na uji wake utiwe karanga au unga wa dagaa. Hapa twasema na akina baba waziwazi. Iko desturi ya kumpa baba minofu yote, na watoto kuachiwa mchuzi. Baba mwenye kununua soda na chipsi njiani, kisha akala vinono nyumbani, na kudai matumizi yapunguzwe, hapunguzi matumizi. Anawapunguza watoto wake. Kabla ya kumwambia mkewe abane fedha, na aandike kwa siku 7 kila senti aliyoitumia mwenyewe nje ya nyumba.

Maswali ya kujifunzia

1. Nyumba yako hununua nini kila siku kwa kipimo kidogo? Fanya hesabu ya mwezi mmoja.
2. Ni jirani gani 5 mwezao kushirikiana nao gunia moja, na nani atashika daftari?
3. Kwa nini dona haifai kusagwa ya miezi mingi?
4. Katika nyumba yako, ni nani apewaye chakula kwanza, na ni nani apataye kilichobaki?

Ninyi walimu, someni maswali haya pamoja na wanaume na wanawake katika kikao kimoja, wala msiwatenge. Jambo la mfuko mmoja haliwezi kutengenezwa na mtu mmoja.