Dondoo Muhimu: Dhana Iliyojificha Mkononi mwa Mkandaji

Upendeleo tuusemao hapa si chuki ya dhahiri, bali ni dhana iliyojificha moyoni ambayo mwenyewe huapa kwamba hana. Na mkandaji wa Marekani ampokeaye mteja mpenda jinsia yake, au aliyebadili jinsia, aghalabu huifichua kwa mkono kabla ya ulimi.

Itazame kwanza fomu yako: ikiwa yamwuliza kila mwanamke jina la mumewe, imekwisha kuhukumu. Fomu na iulize jina la mwenzi, na jina ambalo mteja hupenda kuitwa.

Kisha jichunguze penye kitanda: je, mteja huyu umemfunika shuka kuzidi desturi yako, umeyapita mapaja kwa haraka, au umenyamaza ghafla? (Wako wanaume wa kazi hii wadhanio kwamba kila mpenda wanaume huwatamani wao, huko ni kujisifu bure.) Akija aliyevaa fulana ya kubana kifua, usimlazimishe kuivua, wala usimhoji habari za upasuaji, ila kovu likiwa pale unapotaka kukanda, uulize lina muda gani na kama lauma, kama ambavyo ungemwuliza aliyepasuliwa kidole tumbo.

Atakaye kujipima, majaribio ya kupima dhana zilizojificha ya Project Implicit, yaliyoanza mwaka 1998, yako kwenye intaneti bila malipo, ijapokuwa matokeo yake ni ishara tu.

Ukikosea jina, taka radhi mara moja, kisha endelea na kazi. Mteja amelipia kukandwa, si kukufariji wewe.