Kufundisha Mipangilio ya Mchoro: Kutoka Programu ya Mhandisi hadi Taarifa Inayosomeka

Barabara kuu itokayo Mwanza mjini hupita Buhongwa hadi Usagara. Hapo hugawanyika: njia moja huelekea Shinyanga, nyingine huelekea Kigongo, penye daraja la takriban kilomita 3 lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Watoto tunaowafundisha huiona kazi ya wahandisi kila siku. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu-mwanafunzi namna ya kuigeuza kazi hiyo kuwa somo la Hisabati la Darasa la Sita.

Mipangilio ni nini?

Wahandisi wa leo husanifu barabara kwa kompyuta, kwa programu kama Civil 3D. Programu hiyo huelezwa kwanza: urefu upimwe kwa mita au kwa futi, mwinamo uandikwe kwa asilimia au kwa digrii, desimali ziwe ngapi, mahali patajwe kwa mfumo upi wa ramani. Hiyo ndiyo mipangilio. Mara nyingi haionekani katika mchoro wenyewe, lakini ndiyo inayozipa namba maana.

Programu huweza kutoa nje baadhi ya mipangilio hiyo, pamoja na vipimo, katika faili la LandXML. Faili hilo limekusudiwa kusomwa na kompyuta. Maneno yake yamezungukwa na alama nyingi, na msomaji huchoka upesi. Kwa hiyo hutumika faili la pili, lenye maelekezo ya kuzipanga habari zile zile katika majedwali yenye vichwa. Hapo hupatikana taarifa ambayo fundi au mkaguzi aweza kuisoma bila kuwa na programu.

Umuhimu wake

Katika daraja la Laufenburg, baina ya Ujerumani na Uswisi, kila nchi ilipima kimo kwa kuanzia usawa wa bahari tofauti. Misingi hiyo ilipishana kwa sentimita 27. Tofauti ilijulikana, ila katika kuirekebisha, kujumlisha na kutoa vikabadilishana. Mwaka 2003 iligunduliwa kwamba pande mbili zinapishana kwa sentimita 54, na upande mmoja ukabidi kurekebishwa.

Hatua za somo

Vifaa: kamba yenye alama za mita, rula, kipimapembe na karatasi.

Hatua ya 1. Andika ubaoni: "Urefu 20, mwinamo 2." Uliza: ardhi imeshuka kiasi gani? Pokea majibu yote bila kusahihisha.

Hatua ya 2. Lipe kundi la kwanza kikaratasi chenye maneno "mita, asilimia", na la pili "mita, digrii". Kundi la kwanza litapata 2/100 ya mita 20, yaani sentimita 40. La pili lichore pembe ya digrii 2 kwa skeli ya 1:100. Litapata karibu milimita 7 katika mchoro, yaani sentimita 70 ardhini. Namba ni zile zile, lakini maji ya mvua yatakuta mifereji miwili tofauti.

Hatua ya 3. Kila kundi lipime sehemu yake ya uwanja, kisha liandike jedwali la mipangilio juu ya vipimo vyake: kizio cha urefu, namna ya kuandika mwinamo, mahali kimo kilipoanzia kupimwa, skeli, na tarehe.

Hatua ya 4. Makundi yabadilishane karatasi na kuchora uwanja wasioupima, pasipo kuulizana. Kila swali ambalo mtoto anatamani kuuliza aliandike pembeni.

Upimaji

Maswali ya pembeni ndiyo kipimo cha somo, kwa kuwa kila swali laonyesha mstari uliokosekana katika jedwali. Mwalimu aangalie pia kosa la upande wa pili. Programu ina mipangilio mingi mno, na taarifa iliyoorodhesha yote, hata rangi za mistari, haisomeki. Kwa kila mstari mwanafunzi ajiulize: nikiubadili huu, je, maana ya namba itabadilika? Ikiwa haibadiliki, aufute.

Wanachuo mtakaokwenda mazoezi ya kufundisha, tengeni vipindi viwili: cha kwanza kwa Hatua ya 1 na ya 2, cha pili kwa kazi ya uwanjani.