SOMO: NAMNA YA KUFANYA PICHA ISOMWE KWA VIDOLE



Somo la mara hii linatoka katika kosa langu mwenyewe. Katika kanisa letu iko kijana mmoja kipofu, miaka yake 13. Ni mwepesi wa kushika maneno, na mwakani wazazi wake wanataka aingie shule yetu. Siku moja aliniuliza: «Yaya, ziwa letu liko namna gani? Kila usiku ninasikia maji, lakini umbo lake silijui.»

Nilishangaa. Sisi tumechora Ziwa Tanganyika tangu shule ya msingi mpaka tumechoka. Yeye amezaliwa karibu na maji yale yale, na hajalijua hata kwenye karatasi.

Nikasema moyoni: kazi hii ni ndogo. Nilichukua ramani ya kitabu, nikaibandika juu ya kartoni, nikafuata kila mstari kwa uzi na gundi: pwani, mito, mipaka ya inchi, njia ya treni. Ilinikamata jioni tatu. Nilipomletea, alipitisha vidole mara mbili, kisha akasema polepole: «Yaya, hizi ni nyuzi mingi. Maji iko wapi?»

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nilianza kujifunza, na haya ndiyo niliyoyapata.

1. KIDOLE SI JICHO

Jicho linashika picha nzima mara moja, kisha linatafuta sehemu zake. Kidole kinafanya kinyume: kinagusa pahali padogo, tena pengine, tena pengine, na akili ndiyo inaunganisha. Pia jicho linasaidiwa na rangi. Katika kitabu rangi ya buluu inasema «hapa ni maji». Kwenye kartoni yangu uzi wa mto, uzi wa mpaka na uzi wa treni ulikuwa uzi mmoja tu. Nilikuwa nimeinua mistari, lakini sikuwa nimeeleza kitu.

2. KOSA HILI NI LA ZAMANI

Katika miaka ya 1780, Valentin Haüy alianzisha shule ya vipofu mjini Paris. Aliwachapia vitabu vyenye herufi zetu hizi hizi, ila zimeinuliwa juu ya karatasi. Ilikuwa kazi njema, lakini kusoma kulikwenda polepole sana, maana A na B zilitengenezwa kwa ajili ya macho. Baadaye mwanafunzi mmoja wa shule ile, Louis Braille, aliyeumia jicho kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake akiwa na miaka 3, aliziacha herufi zile. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15 tu, alipanga alama zake za vitone sita, ambazo ncha ya kidole inazishika kwa mguso mmoja. Hazifanani na herufi zetu hata kidogo, lakini zinasema maneno yale yale.

Ndugu, hapo ndipo somo lilipo. Hatunakili picha, tunatafuta inasema neno gani, na neno lile tunalisema upya kwa vidole.

3. KANUNI ZA KAZI

a) Uliza kwanza: picha hii inafundisha nini? Kama somo ni mapezi ya samaki, hapana kuchora magamba. Magamba yatasumbua kidole bure.

b) Kitu kikishikika, toa kitu chenyewe. Mukebuka wa sokoni ni bora kuliko mukebuka wa kartoni. Picha tuiweke kwa vitu visivyoshikika: vikubwa sana kama Afrika, vidogo sana kama chembe ya damu, au vilivyofichwa kama moyo ndani ya kifua.

c) Punguza. Kama mambo ni mengi, fanya picha mbili au tatu. Acha nafasi kati ya mstari na mstari, angalau milimita 3, kama sivyo kidole kinaviona kitu kimoja.

d) Kila kitu kiwe na mguso wake: laini, chenye mchanga, chenye uzi, chenye mbegu. Lakini migusa ikipita minne au mitano kwenye karatasi moja, mtu anapotea.

e) Usichore kama jicho linavyotazama kutoka mbali. Tunachora meza yenye miguu mitatu kwa sababu wa nne umejificha nyuma. Kwa kidole meza ina miguu minne, basi.

f) Maneno yatangulie. Mwambie: «Hili ni ziwa, kaskazini iko juu, mchanga ni inchi kavu.» Kwanza apitishe mikono miwili juu ya yote, kisha ndipo atafute sehemu.

g) Kipofu mwenyewe ajaribu na kusahihisha. Katika Marko 10, Yesu alimuuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini, ingawa mahitaji yake yalionekana wazi. Mimi nilikaa jioni tatu bila kuuliza hata neno moja.

4. ZIWA LETU, MARA YA PILI

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na upana wa kilomita 50 kwa wastani. Nilichukua kartoni, sentimita 1 kwa kilomita 24. Ziwa likapata sentimita 28 kwenda chini, na upana wa sentimita 2 tu, penye upana zaidi 3. Mtu anafunika upana wake kwa vidole viwili. Sijawahi kuona ziwa letu kuwa jembamba hivi, mpaka nilipolipima kwa ajili ya mtu asiyeona!

Maji nikayaacha laini. Inchi kavu yote nikaipaka gundi na kunyunyiza mchanga wa pwani yetu. Miji ni mbegu za maharagi, sita tu: Uvira, Kalemie na Moba upande wetu, Bujumbura na Kigoma ng'ambo, na Mpulungu kule mwisho wa kusini. Mito ni uzi, mitatu tu: Ruzizi, Malagarasi na Lukuga. Mipaka na treni vitakuwa na kartoni yao.

Onyo moja. Ukitaka kutoboa vitone kwa sindano, karatasi ikilala juu ya mpira wa ndani wa kinga, unatoboa kwa nyuma ili vitone viinuke mbele. Basi lazima uchore kinyume, kama katika kioo. Ukisahau, Kalemie yetu itahamia Tanzania.

Siku hizi ziko karatasi za pekee zinazovimba penye wino mweusi zikipitishwa katika moto wa mashine. Ni vizuri sana. Lakini ramani yangu ya kwanza, hata ingepita katika mashine ile, ingebaki nyuzi mingi tu.

5. ALIVYOSOMA

Nilimpa kartoni ya pili nikamweleza. Alikaa kimya muda mrefu. Akapata Kalemie, akapata uzi wa Lukuga.

«Ruzizi inaingia?» «Inaingia.»
«Malagarasi?» «Inaingia.»
«Na Lukuga?» «Inatoka.»
«Peke yake ndiyo inatoka?» «Peke yake.»
«Basi ziwa yote hii, mulango wake iko hapa kwetu!»

Mimi nimevuka Lukuga mara nyingi, na neno hili halikunijia hata siku moja. Mtoto wa akili kama huyu akikaa mbele ya ubao wenye moyo, ramani na pembetatu bila kitu mkononi, atapata sifuri, na watu watasema ni mjinga. Kosa halitakuwa lake. Tutengeneze kabla hajafika: kila darasa lichague picha mbili za masomo yake, na kila mmoja wetu alete kartoni moja.

MAULIZO

1. Kwa nini herufi zilizoinuliwa hazikufaa sawasawa na vitone vya Braille?
2. Chagua picha moja katika kaye yako ya biolojia. Inafundisha nini? Utaondoa nini?
3. Funga macho, mwenzako akupe kartoni yake. Umesoma nini?

Ndugu yenu, kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho.