Nahodha aanzie benchi?

Swali: Timu yetu ya kikapu hapa Kibiti huachwa mbali robo ya kwanza. Nahodha, mrefu kuliko wote, hutoka Mbwera kwa boti. Tubadili watano wanaoanza?

Jibu: Badilini, ila mmoja tu. Fainali ya NBA 2015, Golden State wakiwa nyuma 2–1, walimweka benchi Bogut, mrefu wao wa kati, wakamwanzisha Iguodala, aliyetokea benchi msimu mzima. Wakashinda mechi tatu mfululizo. Hata Hasheem Thabeet wetu, chaguo la pili la NBA mwaka 2009, hakumng'oa Marc Gasol kwenye watano wanaoanza pale Memphis. Urefu peke yake hautoshi. Nahodha wenu hufika kwa saa za maji kujaa, si za mwamuzi. Miguu ingali na ganzi, tayari anarushiwa mpira! Aingie robo ya pili, na unahodha abaki nao.