Kiambishi -ji- katika Istilahi za Gari Lisilo na Dereva: Kipimo cha Barabara za Unyambwa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza istilahi mbili zinazozidi kujitokeza katika maandishi ya Kiswahili ya sayansi: ujifunzaji wa mashine na gari linalojiendesha. Zote mbili zimejengwa kwa kiambishi rejeshi -ji-, ambacho hudai kwamba mtenda na mtendwa ni kitu kimoja. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba dai hilo halina uzito sawa katika istilahi zote mbili, na kwamba tofauti hiyo inagusa suala la nani ataulizwa gari lisilo na dereva litakapomgonga mtu. Kata ya Unyambwa, katika Manispaa ya Singida, imeteuliwa kuwa kipimo kwa kuwa mazingira ya aina yake hayakuwamo katika data ambazo magari hayo yalifundishiwa mwanzoni.

2.0 Mashine na mwalimu wake

Kimofolojia, jifunza ni ji-funz-a, yaani kujipa mafunzo mwenyewe. Kimatumizi, hata hivyo, neno hili limekwisha ganda. Tazama mfano ufuatao:

(1) Mtoto anajifunza hesabu kwa mwalimu wake.

Hakuna mzungumzaji anayeona ukinzani katika (1). Mwalimu yumo, ila kitenzi kimemsitiri. Hali ya mashine ni hiyo hiyo. Mnamo mwaka 1989 Dean Pomerleau wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alieleza ALVINN, mtandao wa neva bandia uliofundishwa kuongoza gari kwa kupewa picha za barabara, kila picha ikiambatana na mkato sahihi wa usukani. Siku hizi picha ni nyingi zaidi, na watu huajiriwa kuchora fremu kuzunguka kila kitu kinachoonekana na kukipa jina: gari, baiskeli, mtembea kwa miguu. Majina hayo ndiyo somo lenyewe. Kisichokuwa na jina ama hakionekani, ama husukumwa katika kundi la jirani yake, kama vile mtoto anavyolipachika neno geni katika ngeli aliyokwisha izoea.

Kwa hiyo mahali picha zilikopigwa si jambo dogo. Mkusanyiko wa KITTI wa mwaka 2012 ulitoka Karlsruhe, Ujerumani. Ule wa nuScenes, uliotangazwa mwaka 2019, ulikusanywa Boston na Singapore, na una makundi 23 ya vitu. Watafiti wa India waliona upungufu huo mapema: mkusanyiko wao wa mwaka 2018, uliotoka Hyderabad na Bengaluru, uliipa bajaji kundi lake yenyewe. Kwa mtu wa Singida hatua hiyo ina maana kuliko hesabu nyingi.

3.0 Barabara kama matini

Katika nuScenes wanyama wote wamo katika kundi moja. Kuku na fahali, basi, ni kitu kimoja. Dereva wa Unyambwa hawezi kukubali uainishaji huo, kwa sababu matendo yanayofuata ni tofauti: kwa kuku hupunguza mwendo, kwa ng'ombe husimama. Tena ng'ombe mmoja akivuka, dereva mzoefu hungoja wengine, na baada yao mchungaji. Mnyama wa kwanza ni mwanzo wa sentensi ambayo bado haijakwisha.

Iko pia ishara isiyo katika vitabu vya alama za barabarani, nayo ni matawi mabichi yaliyopangwa njiani kwa umbali. Kila msafiri wa nchi hii anajua kwamba mbele kuna gari limeharibika. Mashine iliyofundishwa kutambua kiakisi cha pembetatu itayaona kuwa takataka, na ikiwa yamelala chini huenda ikayapita tu. Kisemiotiki, hiki ni kitangazo chenye kiashiria na kiashiriwa kamili, ila jumuiya iliyokubaliana juu yake haikualikwa kuandika kamusi ya mashine.

4.0 Tathmini

Mnamo mwaka 2016 Nidhi Kalra na Susan Paddock wa taasisi ya RAND walionyesha kwamba ili kuthibitisha kwa uhakika wa asilimia 95 kuwa magari haya hayaui zaidi ya madereva wa Marekani, yangehitaji kutembea takriban kilometa milioni 440 bila kifo hata kimoja. Magari 100 yakienda usiku na mchana yangechukua kama miaka 12 na nusu. Ndiyo maana tathmini hutegemea pia uigaji wa kompyuta na data iliyotengwa kwa ajili ya mtihani. Lakini data ya mtihani ikitoka mtaa ule ule uliotoa data ya mafunzo, mtihani umetungwa kutoka daftari la mwanafunzi mwenyewe, na alama zake hazisemi lolote kuhusu Unyambwa.

Ajali ya Tempe, Arizona, ya Machi 2018 inastahili kusomwa na wanaisimu. Gari la majaribio la Uber lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulibaini kwamba vihisio vilimwona sekunde 5.6 kabla. Programu ilimwita gari, kisha kitu kingine, kisha baiskeli. Na kila jina lilipobadilika, historia ya mwendo wake iliwekwa kando, hivyo njia yake haikuweza kutabiriwa sawasawa. Aidha, mfumo haukuundwa kufikiria mtu anayevuka mahali pasipo kivuko. Huko Unyambwa, kuvuka pasipo kivuko ndiyo kuvuka.

5.0 Nani anaendesha?

Mwaka 2019 waendesha mashtaka walisema hawakuona msingi wa kuishtaki kampuni. Mwaka 2023 mwangalizi aliyekaa ndani ya gari alikiri kosa. Hapa ndipo -ji- inapoonyesha udhaifu wake. Endesha ni kauli ya kutendesha ya enda, na jiendesha, tofauti na jifunza, bado hufasirika kwa viambajengo vyake:

(2) Shirika linajiendesha kwa hasara.

Katika (2) shirika ndilo linalodaiwa. Gari halidaiki. Sentensi Gari linalojiendesha limemgonga mtu haiachi nafasi yoyote ya mtenda mwingine, ilhali kauli ya kutendwa huacha pengo linalodai kujazwa:

(3) Gari linaloendeshwa kwa programu ya kampuni fulani limemgonga mtu.

Kwa mazungumzo ya kawaida, gari lisilo na dereva linatosha, na halidai kisichokuwapo. Kwa lugha ya sheria na bima, muundo wa (3) ndio unaofaa. Vivyo hivyo, kazi ya wahandisi na waandika majina ya picha ingeitwa ufunzaji wa mashine, na ujifunzaji ubaki kwa hesabu zinazotendeka ndani yake. Ni kweli kwamba wanaistilahi hawaamui peke yao. Tarakilishi na ngamizi zilishindania nafasi ambayo kompyuta iliichukua bila kuomba. Lakini katika miswada ya sheria uteuzi wa neno bado hufanywa mezani, kabla mtaa haujasema.